Bakuli la Shangazi

Harufu ya oili chafu ikiungua huwafanya wengine wabane pua. Mimi husimama, nikavuta pumzi, nikawa na miaka kumi tena. Karakana yetu ya vioo, nasema yetu ingawa hatukumiliki hata tofali moja, ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela unaelekea Isinya, na tanuri lake lilikula oili iliyomwagwa na magari ya mji mzima. Liliunguruma mchana kutwa. Nje vumbi lilipanda na ng'ombe wa majirani wakapita na kengele zao. Ndani, mafundi waliyeyusha vioo vya madirisha yaliyovunjika wakavigeuza kuwa glasi, jagi na shanga. Shanga hizo akina mama wa Kimaasai walizitunga wakiwa wameketi kivulini, wakiteta watu bila huruma.

Mama yangu alikuwa mchambuzi. Vioo vililetwa kwa magunia kutoka majengo yaliyobomolewa, naye aliviosha kwenye karai na kuvitenga, maana si kila kioo kinapatana na kingine. Ukichanganya cha dirisha na cha aina nyingine, kila kimoja kinapoa kivyake na kazi yote inapasuka. Mama alivitambua kwa ukingo: cha dirisha, ukikitazama kwa ubavu, ni kijani kama maji ya bwawa. Miaka mitatu aliosha vioo huku macho yake yako kwenye bomba la kupulizia. Mwaka ule fundi mkuu, Baba Resiato, mtu mrefu wa maneno machache kutoka Kajiado, akakubali kumfundisha baada ya saa za kazi. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kupuliza pale. Baba yangu, mwalimu wa hesabu aliyetuleta huku kutoka Bungoma, aliuliza mara moja tu kama mapafu ya mama yangetosha. Aliangaliwa, akarudi kwenye madaftari yake.

Karakana ilikuwa na mtihani wake. Mwanafunzi alipuliza glasi moja, ikapozwa polepole ndani ya tanuri dogo mpaka kesho yake, kisha wote wakakusanyika na chai ya maziwa ikamiminwa humo ikiwa bado inatokota. Glasi ikistahimili, inazungushwa, kila mtu anapiga funda, na wewe ni fundi. Ikipasuka, unarudi ulikotoka hadi mwaka mwingine. Mama aliwekewa Ijumaa moja ya likizo ya Agosti, na wiki hiyo alipika huku anapuliza hewa tupu, mashavu yamevimba, sisi tukimcheka.

Sasa, nyumbani tulikuwa na bakuli la kioo ambalo shangazi alimpa mama siku ya harusi, lile la kuingia kwenye ovena. Ovena hatukuwa nayo. Bakuli lilikaa kabatini likingoja wageni wa maana, na wageni wa maana hawakuwahi kufika. Jumatano ya wiki ile nililitoa niwapikie wanasesere wangu karamu, likaniponyoka, likatawanyika kwenye sakafu ya simiti. Nilifagia vipande vyote nikavifunga kwenye leso, na nilipompelekea mama chakula cha mchana nikavimwaga katika ndoo yake ya vioo vilivyokwisha kuchambuliwa. Nilijiona mjanja ajabu. Kioo kilichovunjika utakificha wapi vizuri zaidi ya kwenye lundo la vioo vilivyovunjika?

Alhamisi mama alipuliza glasi yake. Ijumaa chai ikamiminwa. Tulisikia mlio mdogo tu, kama kidole kikigonga sahani, na glasi ikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Baba Resiato aliinua kipande kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na bonge jeupe, dogo kama punje ya mahindi, lililokataa kuyeyuka. Kumbe vyombo vya ovena vinataka moto mkali kuliko wa tanuri letu.

"Nani alichambua hii ndoo?" akauliza.

"Ni mimi," mama akasema.

Nilimwona akijifuta mikono kwenye leso, anageuka kurudi kwenye karai lake, na nikashindwa kabisa kuvumilia. Nilisema kwamba lilikuwa bakuli la shangazi, na mimi ndiye niliyelificha humo. Wale mama wa shanga walinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. Baba Resiato akamwambia mama kwamba mkono wake haukuwa na kosa. Lakini tanuri lingemwagwa lote, na magunia yote yaliyokuwa uani yangechambuliwa upya kabla hajapuliza tena. "Na huyu atachambua na wewe," akaongeza.

Njiani mama aliniuliza jambo moja. "Bakuli ningelisahau kesho. Mbona hukuniambia?" Ile aibu naikumbuka mpaka leo.

Likizo iliyobaki niliimaliza kando ya karai, nikitazama kingo. Gunia la mwisho lilipoisha, mama alipuliza tena. Chai ilimiminwa, tukasubiri, glasi ikatulia. Funda la mwisho nilipewa mimi, limepoa na lina majani, na sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Leo ng'ombe wanapita kwa shida katikati ya magorofa, na mimi nafanya kazi Nairobi. Zamani wanawake pale waliosha na kutunga. Siku hizi mama ana wasichana watatu wanaopuliza chini yake. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Mmoja wao, ambaye hakunijua, aliinua jagi kwenye mwanga, akasonya. "Hii iko na nafula," akasema, akaitupa ndooni.

Nikamuuliza nafula ni nini. Alinieleza kwa upole, kama mgeni anavyoelezwa: ni lile bonge jeupe linalokataa kuyeyuka. Na sheria ya hapa, akasema, ukijua umeingiza nafula unasema hapo hapo, na hakuna mtu atakugombeza. Nyuma yake mama alikuwa ameinama juu ya benchi, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Na wewe unaitwa nani?" msichana akaniuliza.

"Nafula," nikamwambia hapo hapo.