Ng'ombe Sita wa Bi. Sadia

Kituo kile cha utafiti kilicho nje kidogo ya Garsen kina jina refu lisiloenea kwenye kibao, ndiyo maana watu wa Tana wanakiita Kwa Mbu. Huko ndiko wanakochunguza mbu na ile homa inayofuata mafuriko, inayowatoa ng'ombe mimba na kuwalaza wachungaji kitandani. Wana maabara, wana magari matatu makubwa, wana majokofu yasiyozimika hata stima ikipotea Garsen nzima. Walichokosa miaka yote hiyo ni akili ya kumuuliza mtu aliyekuwa akiwapangusia meza.

Mtu huyo ni Gumato. Ni Muorma wa miaka thelathini na tisa, mkimya mbele ya wakubwa, lakini akiwa jikoni ulimi wake unakata kuliko kisu cha mpishi. Alimaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, baba yake akafariki mwaka huo huo, na kazi iliyokuwa karibu ilikuwa ya ufagio. Akafagia Kwa Mbu miaka kumi na mmoja.

Katika ofisi ya mkuu wa kituo, Daktari Nehemiah, kuna ramani kubwa ya nyanda zote, kuanzia Bura hadi Kau. Imejaa vibandiko vya rangi. Kila kibandiko ni boma la wafugaji, na juu yake imeandikwa idadi ya ng'ombe. Siku moja Gumato alikuwa akiifuta vumbi ramani hiyo, jicho lake likatua kwenye boma la mama yake mzazi, Bi. Sadia. Ng'ombe sita. Alicheka hadi akaketi sakafuni. Sita! Bi. Sadia akikamua asubuhi, akifika wa sita bado hajafika hata katikati ya zizi.

Na jambo lenyewe halihitaji digrii. Katika maboma yale mfugaji hahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Anayehesabu ameshaalika husuda, mwizi na maradhi kwa mpigo mmoja. Sasa anakuja kijana kutoka bara, tableti mkononi, viatu vyake havijawahi kukanyaga samadi, anamuuliza mzee wa watu, "Una ng'ombe wangapi?" Mzee ana adabu zake, hawezi kumfukuza mgeni. Anajibu sita, au nane, au anasema Mungu amewajalia kidogo. Kijana anaandika, anakunywa chai ya maziwa ya ng'ombe ambao hawamo kwenye hesabu yake, anashukuru, anapanda gari. Namba ile inaingia kwenye ramani, inatoka kwenye ramani na kuingia kwenye ripoti, na ikifika Nairobi imeshakuwa sayansi.

Laiti ingekuwa ni kichekesho tu. Chanjo nayo hugawanywa kwa namba hizo hizo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2023, gari la Kwa Mbu lilifika bomani kwa Bi. Sadia na dozi sita. Dimtu, ng'ombe mwekundu aliyekosa sindano, akatoa mimba. Bore akatoa. Daalati, aliyekuwa akiwanywesha maziwa wajukuu watatu, akafa akiwa amesimama kwenye matope. Gumato alizika cheko lake siku hiyo, akaenda kwa Daktari bila hata kuvua aproni.

"Daktari, msiwaulize wazee idadi," alimwambia. "Waulizeni akina mama wanaokamua. Na msiwaulize ni wangapi, waulizeni majina. Jina halina mwiko."

Daktari Nehemiah alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayesubiri mwenzake amalize kukohoa.

"Gumato, takwimu hizi zimepitiwa na wataalamu watatu wa kimataifa."

"Hao wataalamu wamewahi kukamua?"

"Hebu nipangusie na dirisha lile."

Akalipangusa. Lakini tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kazi ya msaidizi wa utafiti wa nyanjani, yule anayekwenda maboma na kuandika mifugo. Alipoomba mara ya kwanza wakamwambia hana cheti. Akaenda kusoma afya ya mifugo, kila likizo na kila Jumamosi, miaka miwili, hadi akapata cheti. Alipoomba mara ya pili wakamwambia hana uzoefu. Kazi akapewa kijana ambaye wiki ya kwanza alimkimbia fahali mpaka juu ya boneti ya gari, na kwenye ripoti akaandika kwamba jamii haikutoa ushirikiano.

Mara ya tatu mambo yalikuwa yamegeuka. Wafadhili walikuwa wameanza kuuliza mbona watafiti wote wa Kwa Mbu wanatoka kwingine. Ghafla kila mahali ni usawa, ni ujumuishi, ni wafanyakazi wa kila jamii. Likabandikwa bango langoni lenye mikono ya rangi nne imeshikana. Daktari Nehemiah, ambaye kwa miaka sita alikuwa hajui kumtofautisha Muorma na Mpokomo, akaanza kusalimia watu kwa lugha zote mbili, na zote mbili akizivunja. Gumato akaitwa kwenye mahojiano, akajibu maswali yote, akaambiwa asubiri barua.

Wakati anasubiri, ikaja habari kwamba Bi. Rachael, afisa wa usawa kutoka makao makuu, atatembelea kituo. Jioni ya kuamkia ziara Daktari alimwita Gumato.

"Barua yako ipo mezani kwangu. Kesho tusaidiane, halafu nitaitia sahihi."

Akampa koti jeupe la maabara. Kazi yake ingekuwa kusimama kando ya darubini na kutabasamu.

Gumato alilitazama lile koti. Alilijua vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa akilifua. Alitamani kulitupa, na alitamani kazi ile zaidi ya alivyotamani kulitupa, basi asubuhi akalivaa. Dado, mpishi, alipomwona alishika kiuno.

"Haya mama daktari! Kilemba cha ukoka hicho, dada yangu. Angalia mbuzi wasikile."

Bi. Rachael alifika saa nne, mwanamke mfupi mwenye miwani na kijitabu. Hakusema mengi. Alizungushwa maabara, akamkuta Gumato kando ya darubini, akampa mkono. Kisha wote wakaingia ukumbini, na Daktari Nehemiah akawasha projekta. Ukutani likatokea duara kubwa lililokatwa vipande kama keki, kipande kinene kikiwa cha kijani.

"Asilimia sitini na mbili ya wafanyakazi wetu," Daktari alisema, na sauti yake ikanenepa, "ni wenyeji wa Tana River. Zaidi ya theluthi moja ni wanawake. Sisi hapa utofauti hatuuhubiri, tunauishi."

Debe tupu haliachi kuvuma. Watafiti wakapiga makofi. Bi. Rachael akauliza kama kuna mwenye swali.

Gumato alikaa kiti cha nyuma. Barua yake ilikuwa mezani kwa mtu yule, bila sahihi. Kunyamaza ndiko kungemfikisha maboma, hilo alilijua. Lakini alilitazama lile duara akaona tena kibandiko cha mama yake ukutani: namba nzuri, safi, na ndani yake uongo mtupu. Mkono ukajiinua.

"Daktari, hao sitini na mbili kwa mia, tafadhali wataje majina."

Daktari alicheka. "Ni wengi, Gumato."

"Basi nitakusaidia." Akasimama. "Yuko Philemon wa Wenje, ana diploma ya maabara, anafungua geti. Yuko Kuno, analinda geti hilo hilo Philemon akienda kula. Yuko Dado, anapika. Yuko Esha, anaosha chupa mnazotilia mbu. Yuko Zadock, anakata nyasi, na kila mvua zikianza mnamuuliza yeye mto utafurika lini, halafu jina lake haliandikwi popote. Na niko mimi. Koti hili nimevalishwa asubuhi. Ufagio wangu uko nyuma ya mlango wa choo."

Gumato akawageukia watafiti.

"Wengine ni wa vyoo na bustani, nao nitawataja mkitaka. Sasa nitajieni ninyi. Kati ya watafiti kumi na wanne, ni nani aliyezaliwa kwenye mto huu?"

Bi. Rachael aliandika kwa muda mrefu, kisha akaomba aletewe mafaili ya maombi yote ya kazi ya miaka mitano. Gumato alitoka nje, akavua koti, akalitundika, akachukua ufagio. Alijua ameimwaga kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Wiki tatu hakuna aliyemsemesha. Ya nne ikaja barua kutoka makao makuu, si ile ya mezani kwa Daktari: msaidizi wa utafiti wa nyanjani, mkataba wa miezi sita, wa majaribio. Philemon naye akahamishiwa maabara. Dado alibaki na masufuria yake, Zadock na nyasi zake, maana huo utofauti wao una pumzi fupi na jikoni haukufika. Na Daktari Nehemiah? Akaandika makala katika jarida la shirika jinsi alivyobuni uongozi jumuishi, picha yake ikiwa juu. Nyani haoni kundule.

Boma la kwanza kwenye orodha ya Gumato lilikuwa la mama yake. Alifika kwa pikipiki, akanywa maziwa, akafungua fomu. Ilisema, "Idadi ya ng'ombe." Akaipita nafasi hiyo.

"Mama, nitajie unaowakamua, mmoja mmoja. Kisha wasiokamuliwa."

Bi. Sadia alinawa mikono, akaketi, akaanza. Alitaja ng'ombe mama, akataja binti zake, na ndama wa binti zake. Alipofika mahali pa Daalati alisema, "Huyo usimwandike," akaendelea. Karatasi ikajaa mbele, ikajaa nyuma, Gumato akachukua nyingine.

Siku iliyofuata alizipeleka karatasi ofisini. Daktari Nehemiah alizipindua mara mbili tatu akitafuta namba.

"Jumla ni ngapi?"

"Sijui, Daktari. Kwetu hatuhesabu." Gumato akavuta kiti alichokuwa akikipangusa kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, akakikalia. "Majina yote yapo hapo. Hesabu wewe, wewe ndiye msomi."

Daktari akatoa kalamu, akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipopita hamsini akapotea, akarudi juu kabisa, kwa ng'ombe wa kwanza, akaanza upya.