Saba Chini ya Sifuri

Mpwa wangu, mtoto wa kike wa dada yangu, amefundisha darasa la pili miaka tisa bila kuajiriwa rasmi. Kila muhula anasaini karatasi mpya, kila muhula anaambiwa avute subira. Safari hii mwalimu mkuu hakuzunguka: mkaguzi anakuja Alhamisi, akiridhika na darasa lako unathibitishwa kazini, asiporidhika ufungashe virago.

Mimi siku hiyo nilikuwa ndani ya darasa lake, kule nyuma, nakaza misumari ya madawati, ndiyo maana naweza kusimulia.

Lakini kwanza nieleze kuhusu ngazi, maana bila ngazi hamtanielewa. Shule ile imejengwa kwenye mteremko. Ukitoka mlangoni kwake unakuta ngazi moja inapanda ofisini, na nyingine inashuka hadi stoo. Sasa, watoto walipoingia kwake walikuwa na ugonjwa mmoja. Waandikie arobaini kutoa kumi na saba, wanaanza na mamoja: sifuri kutoa saba. Haitoki. Basi wanageuza, saba kutoa sifuri, wanapata saba, wanaandika thelathini na saba na kufunga daftari kwa raha zao. Walikuwa wameambiwa darasa la kwanza kwamba daima kubwa ndiyo inayotolewa ndogo, wakaishika hiyo kama majina yao.

Mpwa wangu mwenyewe aliambiwa hivyohivyo utotoni. Aliuliza, je, ndogo ikitaka kutoa kubwa? Akachapwa viboko viwili. Dada yangu alimpaka mafuta mapajani na kumwambia, "Wewe mtoto maswali yako yatakuua." Hayakumuua. Yalimfanya mwalimu.

Basi akachukua chaki akaandika sifuri kizingitini mwa mlango, kisha akaziwekea namba ngazi zote, za juu na za chini. "Umesimama kwenye sifuri. Toa tatu. Uko wapi?" Mtoto anashuka akihesabu. "Tatu chini, Mwalimu!" Wakishajua kwamba sifuri si mwisho wa dunia, ndipo anawafundisha ile njia ya kitabu, ya kuazima kumi kwa jirani. Walimu wenzake walimbatiza jina Mwalimu Ngazi. "Mwalimu Ngazi, leo unawashusha hadi kuzimu?" Anacheka nao, lakini nyumbani hachekagi.

Alhamisi mkaguzi akaja. Mtu mrefu, miwani imening'inia kifuani, kalamu nyekundu mfukoni. Hakutaka kusikiliza somo lililoandaliwa. Alichukua chaki mwenyewe, akaandika arobaini kutoa kumi na saba, akamnyooshea kidole binti mmoja mwenye pengo.

Binti akasimama ubaoni. Hakuazima. Chini ya makumi akaandika tatu. Chini ya mamoja akaandika saba, na pembeni yake kishale kinachoelekea chini.

"Hiki ni kitu gani?" mkaguzi akauliza.

"Saba chini." Sauti ilikuwa ndogo. "Niko thelathini, nashuka saba. Ishirini na tatu."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeona tu."

Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa ameganda. Kumbe hata yeye ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

"Amebahatisha," mkaguzi akasema. Akaandika mia tano kutoa mia mbili thelathini na sita. Sifuri mbili zimefuatana. Hapo hata mimi niliweka nyundo chini.

Binti akaandika tatu. Kisha tatu na kishale. Kisha sita na kishale. Akafumba macho. "Mia tatu. Nashuka thelathini, mia mbili sabini. Nashuka sita..." Vidole vikacheza. "Mia mbili sitini na nne."

Mkaguzi alikuwa akikokotoa kwenye daftari lake kwa njia ya kuazima. Akainua kichwa. "Si kweli. Ni mia mbili sabini na nne. Unaona, Mwalimu, haya ndiyo matunda ya michezo ya ngazini. Kaa chini, binti. Futa."

Binti akashika kifutio, akamgeukia mwalimu wake, macho yamejaa machozi. Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa mpwa wangu: nyamaza, mama, nyamaza. Miaka tisa ilikuwa pale mbele yake, na alichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Usifute," mpwa wangu akasema.

Mkaguzi akamgeukia. "Unasemaje?"

"Samahani, Mzee. Naomba tujumlishe jibu lako na mia mbili thelathini na sita. Tukirudi mia tano, atafuta." Chaki ikamkatikia mkononi. Akaokota kipande akaendelea. "Watoto, nne na sita?"

"Kumi!"

"Saba na tatu, na ile moja?"

"Kumi na moja!"

Hadi mwisho. Mia tano na kumi. Hakuna aliyecheka, hata yule mtundu wa dirishani.

Mkaguzi akavaa miwani. Akatazama daftari lake muda mrefu. Alikuwa ameazima kumi, akasahau kwamba sifuri ya katikati imeshatoa moja kumpa jirani, imebaki tisa. Kosa la darasa la pili kabisa. Shingo ikambadilika rangi. Kisha akamwambia binti, safari hii kwa upole, "Hebu nionyeshe tena hivyo vishale."

Alipoondoka, mwalimu mkuu alileta fomu aliyoijaza mkaguzi. Mpwa wangu akakataa kuishika, akanisukumia mimi, na mimi kusoma kwangu ni kwa kugusa neno mojamoja kwa kidole. Nikasoma: "Mwalimu hasimamii njia ya kitabu. Aonywe." Akakaa chini. Nikasogeza kidole. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, maandishi ya haraka: "Athibitishwe kazini kuanzia mwezi ujao."

"Mjomba," akasema, "rudia. Taratibu."

Nikarudia.