Fungu la Hatosheki

Abrahamu alipompa mbwa wake jina la Hatosheki, hapakuwa na mtu Lyamkena aliyedhani jina lile ni la mbwa. Lilikuwa la Filemoni, jirani wa ng'ambo ya bonde, aliyegombana naye juu ya kinyungu, kile kipande cha bustani ya bondeni kinachokaa na unyevu hata kiangazi. Kule ukiwa na neno na jirani huendi mlangoni kwake kumtukana. Unafuga mbwa, unampa neno lako liwe jina, halafu unamwita. Abrahamu alikuwa na Kibena chake kizuri, lakini alichagua Kiswahili makusudi, ili hata wapita njia wanaokwenda kudandia malori Makambako wasikie na kuelewa. Kila jioni alisimama nyuma ya nyumba akapaza sauti, "Hatosheki! Njoo ule!" Na mbwa mwenyewe amelala miguuni pake.

Hulda, mkewe, siku hizo alikuwa akicheka. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilikwisha mwaka Abrahamu alipokufa kwa kichomi, Mwingereza angali anatawala na vijana wa Njombe wakiondoka makundi kwa makundi kwenda kukata mkonge Tanga. Anania, mtoto wao, alikuwa mmoja wa hao waliokwenda. Hulda akabaki na shamba la mahindi, mbwa mzee, na jina ambalo sasa lilikuwa lake yeye kulibeba.

Hakuwa mtu wa kudekeza mbwa. Mbwa alikuwa wa kulinda na kuwinda, analala nje, anakula kilichobaki. Lakini Hatosheki macho yalikuwa yameingia ukungu, viuno vimelegea, na asubuhi za baridi kali hakuweza kusimama mpaka ainuliwe kwa nyuma. Hulda akaanza kumlaza jikoni kando ya jivu la moto. Akampondea viazi kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha. Akaanza hata kuongea naye, habari za mvua na za Anania asiyeandika, na siku moja alijikuta akimwomba radhi kwa kumkanyaga mkia. Mtu aliyebaki peke yake hufika huko.

Pale kijijini wenye mbwa walikuwa na utaratibu wao. Nguruwe pori walikuwa adui wa kila shamba, na usiku mmoja wa nguruwe ungeweza kukuachia mabua matupu. Kwa hiyo walilinda kwa zamu na kuwinda pamoja. Mbwa wa mtu akizeeka, mwenyewe hakuachwa. Mbwa wa wenzake waliendelea kupita shambani kwake, naye aliwapikia ugali wa pumba. Nguruwe akiuawa, kiongozi wa msako aliita majina ya mbwa mmoja mmoja, na mbwa mzee naye aliitwa, hata kama siku hiyo hakutoka jikoni. Ila mwenyewe hakuruhusiwa kumjibia. Mwenye mbwa mwingine ndiye aliyepaswa kusema, "Yupo," maana yake namjua, alifanya kazi, apewe. Hapo tu ndipo fungu lake lilipokatwa.

Kiongozi wa msako alikuwa Filemoni.

Alipokuwa hai Abrahamu, Filemoni alijikaza akasema, "Na yule wa Abrahamu," watu wakatazama chini kuficha meno yao. Baada ya mazishi hakusema hata hilo. Alimruka tu. Wengine nao wakaogopa kulitaja jina mbele yake, na zamu za ulinzi zikaanza kuishia kwenye mpaka wa shamba la Hulda. Hakuna aliyemfukuza. Walimsahau, na wote walijua wanamsahau.

Aliyevunja ukimya ni Letisia, Mkatoliki aliyeolewa pale kutoka pande za misheni ya Uwemba, mwenye mbwa wawili na mdomo usio na breki. Alikuja na mafuta ya nyonyo, akayapasha moto, akamsugua Hatosheki viuno huku akimsema Hulda.

"Mama Anania, mahindi yako yanaanza kubeba. Nguruwe wakija utawafukuza kwa ufagio?"

"Nifanyeje?"

"Nenda kwa mzee. Mwambie jina limekwisha."

Hulda alikwenda kwa shingo upande. Alimkuta Filemoni na mkewe Lucia, akapiga goti, akamsalimu kwa jina la mwanawe, "Kamwene, Baba Nikodemo," kisha akatoa neno lake: jina lile halitasikika tena kutoka nyumbani kwake, na kama litasikika, mbwa wao wasikanyage tena shambani mwake. Filemoni alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Nimesikia." Jioni ileile mbwa zake walikuwa kwenye mahindi ya Hulda.

Mbwa akapewa jina jipya, Amani. Jina zuri, la Kikristo, lisilomwuma mtu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba Hatosheki hakulijua. Mbwa kipofu huishi kwa sikio, na sikio lake lilikuwa limezoea neno moja maisha yake yote. Hulda alisema Amani asubuhi, Amani mchana, mbwa akainamisha kichwa upande kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti. Ikabidi awe anamgongea sahani ya bati ili aje kula. Letisia alisema atazoea. Hulda hakuamini, na moyo ulimwuma kila alipoona kile kichwa kimeinama, lakini mahindi yalikuwa yamesimama salama.

Ndipo kichaa cha mbwa kikaingia barabara ya Makambako. Jumbe akatangaza kwamba mbwa yeyote atakayekutwa anazurura atapigwa risasi, na askari mwenye bunduki akaanza kupita. Hulda akamfunga mbwa kamba. Alasiri moja ya upepo alimfungulia ajisaidie, akaingia ndani kutoa chungu motoni, na alipotoka uwanja ulikuwa mtupu.

Aligonga sahani mpaka mkono ukafa ganzi, na upepo ukaichukua sauti yote. Aliita Amani nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kwenye miti ya miwati ya jirani. Ukungu ulikuwa unashuka. Kutoka upande wa barabarani ukasikika mlio wa bunduki, mmoja, na Hulda akakaa chini pale alipokuwa.

Letisia alimkuta hapo. "Mwite jina lake," alisema.

"Nimetoa neno."

"Basi atakufa kwa neno lako."

Hulda aliyatazama mahindi. Ilikuwa bado kidogo tu yakomae, na ndiyo yaliyokuwa chakula chake chote. Angelifungua kinywa, bonde zima lingesikia. Alikuwa na hofu, na alikuwa na aibu ya kuwa na hofu kwa ajili ya mbwa. Akasimama, lakini hakuita. Aliteremka bondeni, akapandisha ng'ambo, akafika kwa Filemoni akihema.

"Baba Nikodemo, nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Niliseme. Mara moja tu. Amepotea na hajui jina jingine."

Filemoni alikuwa akinoa shoka. Aliendelea kunoa. Lucia alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni, akimtazama mumewe na si mgeni.

"Huo mlio wa barabarani," Filemoni akauliza, "ulikuwa yeye?"

"Sijui, baba."

Aliweka shoka chini. "Sauti yako haifiki popote, mama. Kifua umekimaliza kwa kukimbia."

Alikwenda mpaka ukingo wa uwanja wake, akaweka viganja mdomoni, na yule mtu ambaye tangu mbwa yule angali mtoto hakuwahi kulitamka jina lile, akaliita kwa sauti ya msako, sauti inayokusanya mbwa kutoka vilima vitatu. "Hatosheki!" Akangoja. "Hatosheki! Njoo!" Watu walitoka nje. Wengine walidhani mzee amerukwa na akili. Hakugeuka kuwatazama. Aliita tena, na safari hii, kutoka chini kwenye kile kinyungu chenyewe kilicholeta ugomvi, mbwa akabweka, hafifu, akijibu.

Alikuwa amezama mtaroni, matope mpaka kifuani. Filemoni aliingia na suruali yake, akamtoa, akamfunika koti lake la kanisani na kumbeba mpaka jikoni kwa Hulda. Walimsugua mafuta, yeye upande huu, Letisia upande ule, na Hulda akimwita jina lake polepole, na kila akiitwa mkia uligusa jivu.

Lakini baridi ilikuwa imekwishamwingia. Hakufikia mavuno. Hulda alimzika nyuma ya nyumba, pale Abrahamu alipozoea kusimama, na alilia waziwazi bila kujali nani anamwona. Kilichomtesa hakikuwa kifo, maana mbwa mzee hufa. Zilikuwa zile wiki ambazo mnyama alikaa gizani akiitwa kwa jina la mtu mwingine, akiinamisha kichwa, na yeye aliyemfanyia hivyo ndiye aliyekuwa akimlisha.

Mwezi ule msako uliua nguruwe mkubwa. Hulda alikwenda na chungu cha ugali wa pumba kwa ajili ya mbwa wa watu, akakiweka chini, akageuka aondoke. Filemoni alikuwa ameanza kuita majina, kila jina likijibiwa, kila fungu likikatwa. Alipomaliza hakuweka kisu chini.

"Hatosheki," alisema.

Watu walitazama miguu yao. Letisia akafungua mdomo, lakini mzee alimwinulia mkono.

"Yupo," Filemoni akajijibu mwenyewe, akakata.

Hulda hakuwa amekuja na chombo cha nyama. Aliipokea nyama ile kwa mikono miwili.