Nilivyopiga Mchanga

Mnicheke, ila taratibu. Mimi ni mwalimu wa kung fu hapa Kalemie. Jumapili, kwenye maonyesho yetu kando ya ziwa, nilijigamba kwamba hakuna wa kunibana chini nisichomoke. Nikamwita Mama Zawadi, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, anikalie kifuani.

Akakaa. Nikajaribu mbinu zangu zote, hata bega halikusogea. Pumzi ikaanza kuniishia, nikapiga mchanga kwa kiganja. Hiyo ni alama ya kukubali kushindwa, na sikuwahi kumfundisha mtu, kwa sababu sikudhani nitaihitaji. Watu wakaitikia kwa makofi, wakaanza kuimba.

Mama Zawadi akaniinamia. "Mwalimu, hii ngoma njo ya nini?"

"Ni kusema nimeshindwa, Mama."

Akawageukia watu, bado amenikalia. "Anasema ameshindwa. Muendelee kuimba."