Zege la Mdogo Wake

Mafundi wa mji ule walimwita Bi Timazi, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa kumsifu. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima, na yeye alitangulia nacho kila alipoingia kwenye jengo la mtu. Salamu baadaye. Alikuwa mkaguzi wa majengo wa baraza la mji, mwanamke mfupi mwenye viatu vilivyojaa vumbi la saruji mwaka mzima, na akikuta ukuta umelala hata kidogo alisema neno moja tu: "Bomoa." Fundi alie, abembeleze, ataje watoto, ataje mama yake mgonjwa. "Pole sana, baba. Bomoa." Walijaribu kumpa chochote, akawacheka. Walijaribu kumtisha, akawacheka zaidi. Mwisho wakamzoea, wakawa wanajenga vizuri kwa hasira.

Lakini hata mtu mgumu namna ile ana mahali pake laini, na pa Bi Timazi palikuwa mdogo wake wa kiume. Mama yao alifariki mtoto yule hajajua hata kufunga vifungo vya shati. Dada ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, akamshika mkono kumpeleka shule, na akamchapa pia alipostahili. Waliomtania walisema hakuolewa kwa sababu kila mchumba aliambiwa kwanza akamsalimie mwanawe. Sasa mwana mwenyewe alikuwa mkandarasi, ana mke na watoto, na mjini walimwita Chapchap, maana alikuwa anamaliza nyumba wenzake wakiwa bado wanachimba msingi.

Mtu wa watu, Chapchap. Mkarimu, mcheshi, haingii mahali pakabaki kimya. Na kazi zake, looh, kwa nje zinameremeta! Ndani sasa. Wakati mmoja dada yake aliuegemea ukuta aliomjengea jirani, akausikia unatikisika mgongoni. Alimsema siku ile mpaka sauti ikamkauka. Chapchap akamsikiliza akitabasamu, akasema, "Dada, umeanza," akamkumbatia, akala chakula chake chote, akaondoka. Hapo yakaisha. Bi Timazi alishukuru tu kwamba kazi za mdogo wake zilikuwa za watu binafsi, tena nje ya eneo lake, asije akalazimika kumwambia yeye lile neno lake moja.

Basi ikatokea mjumbe mmoja wa kamati ya zabuni akastaafu, na nafasi yake akapewa Bi Timazi. Akakabidhiwa kijitabu cha kanuni za maadili, akakisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma ramani ya jengo. Ilikuwamo kanuni moja iliyompendeza mno: mtumishi ambaye jambo linalojadiliwa linamgusa yeye au jamaa yake, alitangaze, kisha atoke chumbani. "Wifi," alimwambia mke wa mdogo wake, "hatimaye kuna mtu ameandika kitu cha maana." Wifi yake alicheka, akasema katika nchi nzima ni yeye peke yake aliyekisoma.

Mkutano wake wa kwanza ulihusu kliniki ya mama na mtoto. Akina mama walikuwa wanasubiri juani na vichanga vyao mgongoni, na baraza lilitaka kuwajengea ukumbi mdogo wa kusubiria, wenye paa la zege. Majina ya walioomba kazi yakasomwa. La tatu lilikuwa la Chapchap. Hakuwa amemwambia dada yake hata kidogo, mjanja yule.

Sasa hapo, jamani, palihitaji sentensi moja tu: kazi ya mtu huyu naijua na siiamini. Ilimfika kooni kabisa. Lakini umlee mtoto kwa mikono yako, halafu usimame mbele ya wahasibu na makarani uwaambie kwamba ni mlaghai? Na kanuni ilikuwa pale, imemfungulia mlango. Akasimama, akasema, "Mwenyekiti, huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Naomba nitoke."

"Ahsante, mama," mwenyekiti akasema kwa tabasamu pana. "Huo ndio uungwana."

Nje ya mlango palikuwa na benchi la mbao. Akakaa pale, akavuta pumzi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo. Watazikagua karatasi zake, aliwaza, wataona upungufu, watamtupa, na halitakuwa limetoka mdomoni mwangu.

Maskini! Kila mtu kwenye jengo lile alilijua benchi lile isipokuwa yeye. Mhasibu alilikalia wakati kampuni ya mkewe ilipoomba kuuza karatasi. Mwenyekiti mwenyewe alilikalia kwa ajili ya mkwewe. Na hakuna hata mmoja aliyeinuka pale mtu wake akiwa amekosa zabuni. Halikuwa jambo la kusemwa. Mtu akishatoka, mwenyekiti hukohoa kidogo na kusema, "Haya, mwenzetu yuko nje," na kalamu zinaandika. Kanuni imefuatwa, muhtasari umekaa vizuri, hakuna aliyefungua mdomo kumpendelea nduguye. Leo kwako, kesho kwangu. Kutoka nje ndiko kulikuwa kuomba, na Bi Timazi, aliyekuwa hajaomba kitu maishani mwake, alikuwa ameomba mbele ya kamati nzima.

Alipoitwa ndani na kuambiwa aliyeshinda, alishtuka. Aliangalia meza. Angeweza kusema hata wakati ule, na hilo wala simtetei. Chapchap alimpigia simu akipiga vigelegele kama aliye harusini: "Dada! Umenibeba!"

"Sijakubeba."

"Sawa, hujanibeba," alisema, akafa kwa kicheko.

Kazi ikaanza, na kwa kanuni ileile Bi Timazi hakuruhusiwa kuikagua. Faili likapewa mkaguzi mwenzake, mwanamume mcheshi waliyekuwa wakitumia naye ofisi moja na birika moja la chai. Bi Timazi akageuza uso. Alipokuwa na safari ya upande ule alipita mtaa mwingine, akijiambia kwamba anafuata utaratibu.

Alhamisi moja maji yalikuwa yamefunga mtaa ule mwingine, akapita kliniki. Akasimama kama aliyepigwa. Mirunda, ile miti inayolibeba zege mpaka likomae, ilikuwa imeshaondolewa, inapakiwa kwenye gari. Zege lilikuwa bado bichi kabisa. Chapchap aliihitaji mirunda kwenye kazi nyingine, ndiyo maana. Akaingia chini ya paa na kuangalia juu, na hakuhitaji timazi wala kipimo chochote: ufa ulikuwa umekata paa kutoka boriti hadi boriti, na mahali pamoja nondo zilichungulia. Chini ya ufa huo fundi rangi alikuwa anaandika ukutani, kwa herufi nzuri za bluu, Karibuni Akina Mama. Ufunguzi ulikuwa wiki iliyofuata.

Asubuhi hakusubiri chai.

"Umelipitisha lile paa?" alimwuliza mwenzake.

"Limepita, dada. Hata sikutaka kukusumbua."

"Ulipanda? Uliangalia nondo?"

"Niangalie ya nini? Wewe si ulitoka nje?"

"Nilitoka nje kwa sababu ni ndugu yangu!"

"Ndiyo hivyo nakwambia." Mwenzake alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Sasa dada, ulitoka nje kufanya nini? Kupunga upepo?" Akashusha sauti, akamweleza habari ya lile benchi, polepole, kama anayemweleza mtoto.

Bi Timazi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. "Lile paa litaanguka."

"Umelikagua?"

"Nimeliona kwa macho yangu."

"Kwa mamlaka gani, mama?" Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alimsogezea kiti. "Ulijitangaza mwenyewe, imeandikwa. Leo ukilishika faili hilo utakuwa wewe ndiye uliyevunja kanuni, na mimi nitalazimika kukuadhibu. Aliyepewa kukagua amekagua. Mgeni rasmi ameshaalikwa. Nenda kapumzike."

Njia nyingine zilikuwapo. Angeweza kwenda polisi. Angeweza kwenda kwa daktari mkuu, au asimame langoni mwa kliniki apige kelele mpaka mji mzima ukusanyike. Alizifikiria zote, akitembea, watu wakimsalimu naye haitikii. Lakini kila njia ilimalizikia kwenye pingu, na mikono iliyofungwa pingu hizo ilikuwa ile aliyoifundisha kushika kijiko. Akaenda nyumbani kwa mdogo wake.

Alimkuta uani anaosha gari. Chapchap alianza kwa mzaha, mzaha ukakataa. Akaja juu. "Litashika, Dada! Zege linaendelea kukaza lenyewe."

"Zege lililopasuka linakaza nini?"

"Kwa hiyo unataka unga wangu umwagike? Watoto wangu wale nini?"

"Nataka watoto wa wenzako wasifie pale."

Chapchap akaitupa brashi ya kuoshea gari, akachuchumaa, akashika tama. Kumbe ufa alikuwa ameuona tangu mrunda wa kwanza ulipotoka. Usingizi ulikuwa umemhama. "Nisaidie basi," alisema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa zamani. "Usimwambie mtu. Jumapili kliniki imefungwa. Nitarudisha mirunda yote, paa litulie, kisha nitatafuta sababu ya kulivunja. Kimya kimya. Hata mke wangu asijue."

Sasa, Bi Timazi aliijua kazi. Paa lililopasuka namna ile haliingiwi chini. Unazungushia uzio, unaondoa watu, unalivunja kutokea juu. Maneno hayo amewaimbia mafundi miaka nenda miaka rudi. Lakini uzio unataka amri ya ofisi, na amri inataka sababu, na sababu ingebeba jina la mdogo wake. Akamtazama pale chini alipochuchumaa. Huruma ikamshinda, na aibu, sijui ipi ilitangulia.

"Uanze pembeni," akamwambia. "Usikae katikati."

"Sawa, Dada."

Jumapili ile alifua nguo. Shati moja alilifua, akalianika, akalianua likiwa bado linachuruzika, akalifua tena. Jua lilikuwa halijapanda sana kibarua wa Chapchap alipoingia mbio, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Alikuwa ametoka nje kufuata mrunda mwingine, alisema. Bosi alikuwa ndani. Pembeni alikuwa amemaliza, akaingia katikati, alitaka wamalize haraka kabla watu hawajatoka ibadani. Alieleza mpaka hapo akashindwa, akakaa chini kwenye maji ya kufulia.

Mlangoni mwa chumba cha maiti, mwenyekiti alifika mapema kuliko ndugu wengi. Akatoa pole, akasema ni mipango ya Mungu. Kisha akamvuta Bi Timazi kando. "Mama, watu watauliza maswali. Wewe huhusiki. Ulijitangaza, ukatoka. Kanuni inakulinda." Na alisema kwa wema. Hilo ndilo lililomchoma Bi Timazi, kwamba mzee yule alikuwa anaamini anamfadhili.

"Niondokee," akamwambia.

Wifi yake alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa kimemdondoka kichwani, wanawake wamemshikilia huku na huku. Alipomwona alimnyooshea mkono, akamvuta aketi karibu. "Wifi," akasema, "yule kibarua amechanganyikiwa. Anasema eti mume wangu alimwambia ni wewe uliyemruhusu. Mwambie anyamaze, wifi. Mwambie anasema uongo."

Wanawake wote wakamgeukia. Bi Timazi alikuwa bado ameshikwa ule mkono.

"Si uongo," alisema. "Nilijua limepasuka. Nilijua tangu Alhamisi. Alinisihi tufiche, nikakubali, nikamwacha aingie chini yake."

"Na mimi mbona hukuniambia?" wifi yake akauliza, taratibu. "Mimi si ningemfungia mlango?"

Mwanamke yule akauachia mkono wa Bi Timazi, akaufuta wake kwenye nguo.

"Usije kuzika," akasema. "Tutamzika wenyewe."

Akamtii. Kesho yake, watu wakiwa makaburini, yeye alikuwa kituo cha polisi, amevaa viatu vyake vya kazi, anaeleza kuanzia kwenye kamati: majina yaliyosomwa, yeye kutoka, benchi, ufa, uani kwa mdogo wake. Hakumkingia mtu kifua, hata nafsi yake. Askari aliyeandika alikuwa kijana mpole, aliyemwomba aseme polepole kidogo. Katikati ya maelezo alikumbuka kwamba kuna sehemu ameiruka, akarudi juu ya karatasi.

"Samahani, mama. Una uhusiano gani na marehemu?"

"Nimemlea," akasema.

Askari akasita na kalamu, akaangalia nafasi ilivyo ndogo, akaandika "jamaa", akamwambia aendelee.