Sukari Aliyoilalia Mtani Wetu

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikiuficha kuna watu kijijini watausimulia vibaya kuliko mimi: nilisoma taarifa ya habari kwamba muuza duka wetu analalia magunia ya sukari kama kuku anavyolalia mayai, na kwamba yanatarajiwa kuanguliwa Jumatano.

Niliisoma mbele ya foleni ya sukari. Watu walicheka mpaka foleni ikapinda.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka ule walanguzi walipokuwa wakisakwa kila mahali. Kijiji chetu kiko upande wa Segese, na pamba ilikuwa bado changa shambani, kwa hiyo ghala la pamba lilikuwa tupu na jukwaa la mizani halina kazi. Sisi wavulana wanne tukalipa kazi.

Kwetu taarifa ya habari ya mchana inasikilizwa kama misa. Redio juu ya kiti, watu chini, kimya. Betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati pamoja na michembe ya viazi, na zikipata nguvu kidogo tunasikia nusu ya habari. Nusu ya pili tulikuwa tunaitunga wenyewe.

Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunakaa kwenye jukwaa la mizani, mimi katikati, kopo tupu la maziwa mdomoni. Ninasoma habari moja kwa sauti ile ile ya msomaji wa redio, halafu wenzangu watatu wanaulizwa ina maana gani. Anayechekesha kuliko wote anarushiwa karanga.

"Wananchi wametakiwa kufunga mikanda," nilisoma siku moja.

"Tusio na mikanda je?" akauliza wa kwanza. "Kamba ya katani inakubalika?"

"Subiri tangazo lake," akasema wa pili.

"Sabuni imeripotiwa kuwa ya kutosha nchini."

"Ipo wapi?"

"Ipo redioni," akasema wa tatu. "Ukitaka kuoga, fungua redio, vua shati."

Nimejiuliza sana kwa nini watu wazima walikuwa wanakuja kutusikiliza watoto. Walijifanya wanapita tu, na huku wamekalia madebe yao saa nzima. Nadhani ni kwa sababu redio ikisema, huwezi kuijibu. Pale kwenye mizani ilijibiwa. Mama mmoja aliyekuwa anafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni aliomba kile cha kuoga kirudiwe mara tatu. Balozi wa nyumba kumi naye alicheka, ila aligeukia ukutani ili baadaye aweze kusema hakuona. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa napenda mno kuwaona vile. Kicheko cha watu wazima kilinipanda kichwani kama pombe ya mtama.

Sasa, muuza duka. Alikuwa Mzaramo, aliletwa huku na biashara kabla sijazaliwa, akaoa, akabaki, na kijiji kikamkabidhi duka la ushirika. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na yeye alikuwa mtani wa nyumba yetu hasa. Tangu nijue kusema sikuwahi kumwamkia kwa adabu. Nilikuwa namwambia, "Mzaramo, ukiona jembe unauliza kama linapikwa kwa nazi." Naye ananijibu kwamba nimekula michembe mpaka ubongo umekauka. Bibi alipofariki, miezi michache kabla ya likizo ile, ni yeye aliyelala juu ya mkeka wa msiba akidai hatoki mpaka marehemu amrudishie kuku wake, na mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Na utani una sheria yake. Mtani akikusingizia, hukatai. Anayekataa ameshindwa. Unakubali, halafu unaongeza.

Ndiyo maana niliposoma habari ya sukari, alitoka mlangoni mwa duka, hatua chache tu kutoka kwenye mizani, na funguo zake mkononi, akasema mbele ya wote, "Ni kweli nalalia. Na vifaranga vikitoka, cha kwanza nitakipa jina lako, maana kitakuwa kijinga."

Karanga zote zilirushwa kwake. Nilishindwa kihalali.

Lakini kwenye foleni alikuwepo mgeni mmoja, utingo wa lori lililoharibikia kwetu. Hakuwa mtani wa mtu yeyote. Alichosikia ni habari iliyosomwa kwa sauti ya redio, na mtuhumiwa akakiri.

Jumanne ilikuja Landrova kutoka Kahama. Maofisa wawili wa kusaka walanguzi waliingia nyumbani kwa mtani wetu, wakatazama mpaka chini ya kitanda, na chini ya kitanda kweli kulikuwa na sukari. Si magunia. Kiroba kimoja, kisichojaa.

"Ni ya nani?" wakamuuliza.

Hakumtaja mtu. Wakampandisha garini.

Nilikimbia nyumbani kumweleza mama. Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama.

"Kiroba cha rangi gani?"

"Cheupe, kimefungwa kwa kitambaa cha kijani."

Akaketi. Ile sukari ilikuwa yake. Kila mgao alikuwa anaacha kidogo kwa mtani, akikusanya kwa ajili ya kumaliza matanga ya bibi, wageni wapate chai. Hakuiweka nyumbani kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa nailamba. Kila aliyeishi nyumbani kwetu alijua kwamba sukari na mimi hatulali chumba kimoja.

Kesho yake alfajiri tulitembea mpaka barabarani, tukapata lori. Ofisini kwao Kahama mama alieleza kila kitu kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani yake. Bwana aliyekaa mezani akanitazama.

"Wewe ndiye uliyetangaza?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeiona hiyo sukari?"

"Hapana. Ulikuwa utani."

"Tangaza tena hapa, nisikie utani wenyewe."

Nilisoma. Kuku, mayai, Jumatano. Hakuna aliyecheka, na kwa mara ya kwanza nilisikia maneno yale yalivyo bila watu. Mama aliangalia sakafu mpaka nikamaliza.

Aliandika maelezo ya mama, akasema yatafikiriwa. Yalifikiriwa wiki tatu. Mtani wetu akakaa mahabusu wiki tatu hizo, na aliporudi shati lilikuwa linamning'inia, na funguo za duka alikuwa amepewa mtu mwingine. Matanga ya bibi tulikuwa tumeyamaliza yeye akiwa bado ndani, kwa chai isiyo na sukari. Nafasi ya mtani kwenye mkeka ilikuwa wazi, na hakuna aliyemdai marehemu kitu.

Siku ya pili baada ya kurudi kwake, mama alinituma niende. Nilimkuta amekaa kizingitini. Njiani nilikuwa nimeandaa tusi zuri kuhusu nazi. Lilipofika mdomoni halikutoka.

"Shikamoo," nikasema. Shikamoo yangu ya kwanza kwake.

Nilingoja anicheke. Nilingoja aniulize nimeugua nini.

"Marahaba," akasema, vizuri kabisa, kama anavyoitikiwa mtoto wa watu. Akauliza masomo yanaendaje. Nikasema yanaendelea vizuri. Akasema ni jambo jema.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amekaa jikoni, hakugeuka.

"Amesemaje?"

"Ameitikia marahaba. Ameniuliza habari za shule."

Alisukuma kuni ndani ya mafiga, moja, halafu nyingine. Kisha akasema, "Ng'wanone, mwanangu, kesho nenda tena umwamkie. Na keshokutwa. Utamwamkia hivyo hivyo mpaka siku atakayokutukana."