Siku Niliyofunga Saumu na Mrija

Assalamu alaykum, wewe uliyelala na mrija kifuani, na wewe uliyekaa pembeni ukimtazama mtu wako hali chochote. Haya nimeyaandika kwa ajili yenu wawili. Mimi ni Rashidi wa makuti, wa Mwabungo. Shule niliiacha darasa la tatu, basi usinidai maneno ya kidaktari. Nitasema nilivyoona.

Ukiketi chini ya paa la makuti huko Diani na mvua isikudondokee, huenda nililiezeka mimi. Nilianza kwa kubebea watu boriti, nikaishia na mafundi kumi na wawili chini yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa mlaji pia. Sinia la wali wa nazi tulilizunguka watu wanne, watatu wakishanawa, mimi bado niko kazini.

Lakini Ramadhani sikula mchana hata siku moja tangu nilipobaleghe, hata nikiwa juu ya paa juani. Fundi niliyemkuta anatafuna nilimwita mbele ya wenzake: "Kobe we! Toa kichwa tukuone!" Kwetu kobe ni yule anayejificha kula mchana wa Ramadhani. Mmoja wao, Bakari, alikuwa na vidonda vya tumbo. Akaniambia, "Mzee, mimi mgonjwa." Nikamjibu, "Mgonjwa wa njaa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Maradhi yalinishika mwezi wa mlisho, mwezi ule wa kula kabla ya Ramadhani kuingia. Tumbo lilinikata ghafla, kuzunguka kitovu, nikakaa chini kama niliyepigwa rungu. Nikasema ni ngiri. Sisi wanaume wa huku kila kitu cha tumbo ni ngiri. Nikachemshiwa mizizi, nikanywa siku mbili. Tumbo likavimba likawa gumu kama dafu. Haja haitoki, upepo hautoki. Nikatapika maji ya kijani, kisha ya rangi ya udongo, yenye harufu mbaya.

Mke wangu Mwanasha aliinusa beseni akaiweka chini. "Rashidi, hii si ngiri. Unatapika mavi. Simama twende."

Hospitali ya Msambweni daktari alinigusa tumbo mara moja tu, nikapiga ukelele. "Utumbo umejisokota," akasema. "Huyu avuke feri sasa hivi." Basi nikavuka feri chali, nikitazama dari la gari la wagonjwa, mpaka hospitali kubwa ya ng'ambo. Nikapasuliwa siku hiyo hiyo.

Nilipozinduka alikuwa amesimama daktari wa kike, binti wa bara, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Mzee wangu, utumbo mwembamba mwingi ulikuwa umeshakufa, mweusi kabisa. Tumeukata."

"Umebaki kiasi gani?"

"Mita moja na kidogo. Wa mtu mzima ni kama mita sita."

Mimi nimepima mapaa maisha yangu yote. Nikazigeuza mita zake: dhiraa mbili na nusu hivi. Makuti ya kiasi hicho huezekei hata banda la kuku. Nikamwambia hivyo. Hakucheka.

Akanieleza kuwa utumbo ndio unaonyonya chakula. Ukiwa mfupi, chakula kinapita kama maji juu ya paa lenye mteremko mkali, kinatoka chini hakijampa mtu kitu. (Paa ni maneno yangu, lakini alikubali.) Basi nitalishwa kwa mshipa mpaka kipande kilichobaki kijifunze kazi ya wenzake waliokatwa. Wakaniingiza mrija chini ya mtulinga, ncha yake ikafika karibu na moyo. Wakatundika mfuko mweupe, mweupe kama tui jepesi. Ndani yake, akasema, mna sukari, mafuta, chumvi na kila kinachojenga mwili. "Hiki ndicho chakula chako, mzee."

Nilikubali kwa kichwa. Moyoni nikasema: haya ni maji ya kumlowesha maiti asikauke. Chakula hakina harufu? Hakina chumvi ulimini? Mtu asiyetafuna yuhai kweli?

Nisiwafiche. Niliharisha kitandani. Mimi, Rashidi wa makuti, nilivalishwa nepi, na Mwanasha alinisafisha bila kukunja uso. Jirani yangu wa kitanda alipoletewa samaki nilijifunika shuka usoni. Niliacha kuzungumza na watu. Kila asubuhi nikawa nauangalia ule mrija na kufikiri kuung'oa.

Mwezi ukaandama. Nilikuwa sijaweka kitu mdomoni siku kumi na nane. Kwanza nikajisifu: nani amefunga kunishinda mimi? Kisha fikira ikanijia ikanikaba. Kama binti yule amesema kweli, na lile tui ni chakula, basi ninakula mchana kutwa, nimejificha chini ya shuka. Kobe ni mimi.

Siku ya kwanza ya mfungo, adhana ya alfajiri ilipokaribia, nikatia nia. Nilikuwa nimemtazama muuguzi mara nyingi akigeuza kile kigurudumu kidogo kwenye mrija. Nikakigeuza mwenyewe mpaka matone yakasimama, nikakifunika kwa shuka.

Haikupita muda, asubuhi ile ile, jasho baridi likanitoka. Mikono ikatetemeka. Moyo ukaenda mbio. Dari la wodi likageuka paa langu, na mafundi wangu wanaliezeka kombo, nikaanza kuwafokea. Akaja mbio muuguzi, sista Kadzo, Mgiriama mwenye sauti ya kuita watu shambani. Akafunua shuka.

"Mzee Rashidi! Nani amefunga hapa?"

"Mimi nimefunga."

"Umefunga kwa nini?"

"Si Ramadhani?"

"Mzee, nakuuliza mrija!"

"Nami nakujibu, nimefunga!"

Wodi nzima ilicheka, nikaambiwa baadaye. Mimi sikumbuki tena. Alinitoboa kidole akakuta sukari imeshuka vibaya sana, akanipiga sindano ya sukari mshipani, nikarudi.

Daktari akaja, hakuketi. "Mwili wako umezoea kulishwa kila dakika. Ukikata ghafla unaanguka. Na mrija huu ukishikwashikwa na mikono, vijidudu vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Ukirudia, mkeo atakuja kuchukua maiti. Nimekwambia wazi kwa sababu naona wewe ni mtu wa kuambiwa wazi."

"Sitaki kuwa kobe," nikasema.

"Kobe? Kobe gani tena?" Ikabidi Kadzo amfafanulie, naye anajizuia asicheke.

Mwanasha hakunigombeza. Alirudi Mwabungo, na baada ya swala ya Ijumaa akaja na Maalim Suleimani, aliyenifundisha alifu na bee. Mzee wa miaka themanini, amevuka feri na saumu yake. Nikamwamkia, "Shikamoo Maalim." Akaitika, kisha akautazama ule mfuko. Akamgeukia daktari.

"Mwanangu, mtu akipewa hiki peke yake, kinamtosha?"

"Kinamtosha. Bila hiki huyu tungeshamzika."

Maalim akanielekea. "Basi hiki ni chakula. Rashidi, hujafunga hata siku moja."

Niliumia kama niliyepigwa kofi. Yeye akaendelea, taratibu vile vile: "Wala hutakiwi kufunga. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Wewe unaikataa ili umwonyeshe nani? Ukipona ukaweza, utalipa. Usipoweza, lisha maskini mmoja kwa kila siku. Lakini usiseme tena hivi ni maji. Unakula, bwana. Kula kwa adabu."

Nililia mbele yao wote, na si kwa sababu ya saumu. Siku zote zile nilijihesabu maiti, kumbe nilikuwa nalishwa kila siku bila kujua. Mtu anayekula yuhai.

Tangu hapo, mfuko ukitundikwa, nilisema bismillahi. Kadzo akawa ananingoja, ameshanawa, ameshika mrija: "Haya mzee, omba dua yako, chakula kiko tayari."

Njia haikuwa fupi. Mara moja nilishikwa na kutetemeka, meno yanagongana. Zamani ningesema malaria nikameza vidonge. Safari hii niliita hapo hapo. Kumbe mrija ulikuwa umeingia vijidudu. Wakautoa, wakanipa dawa, wakaweka mwingine. Kisha nikaanza kulamba: kijiko cha uji, kijiko cha maji ya chumvi na sukari. Kile kipande cha dhiraa mbili na nusu kilikuwa kigumu kufundishika kuliko fundi yeyote niliyewahi kuajiri, lakini kilijifunza. Mifuko ikapunguzwa, ikawa siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka mwezi wa tano tangu nilazwe wakaung'oa mrija. Nilirudi nyumbani mwembamba kama fito, natembea kwa miguu yangu.

Siku hizi nakula mara sita, kidogo kidogo, natafuna mpaka Mwanasha anachoka kunitazama. Maji sinywi pamoja na chakula. Nachomwa sindano ya vitamini kila nikiitwa. Choo bado kinanikimbiza. Paa sipandi, nasimama chini nikielekeza.

Ramadhani iliyofuata daktari alinikataza tena. Kila magharibi mtu mmoja asiye na kitu alifuturu kwangu, kama Maalim alivyosema. Siku ya kwanza adhuhuri, Mwanasha aliniwekea kisahani cha wali uani, nyuma ya ua wa makuti. Nikasikia hodi. Bakari, anataka kuniuliza habari ya boriti. Nikakisukuma kisahani chini ya kitanda cha kamba. Nimechelewa, ameshaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alitazama chini ya kitanda. Alinitazama mimi. "Kobe we," akasema, pole pole. "Toa kichwa tukuone."

Mwanasha alishika mdomo. Mimi nilicheka mpaka kovu likauma. Nilipomaliza kucheka nikasema, "Bakari, nisamehe. Ulikuwa mgonjwa, nami niliwafanya watu wakucheke."

Akainama, akakivuta kisahani, akapuliza vumbi, akanipa mkononi. Kisha akatoa mfukoni kipande chake cha muhogo na vidonge vyake. "Sogea, kobe mwenzangu," akasema, akaketi.

Namshukuru Mola, kisha yule binti wa bara, na Kadzo, na Maalim, na mke wangu kuliko wote. Wewe mwenye tumbo linalokata, usiite ngiri, nenda hospitali. Usiguse mrija. Ukitetemeka, ita. Na leo wakikutundikia ule mfuko mweupe, usigeuze uso ukutani. Sema bismillahi. Ni chakula, umeandaliwa wewe.